Ekseli Mbili Sakafuni

Jointi ya mbele ya Suzuki Samurai yangu, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limegeuzwa, ilipasuka kwenye matope, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na mguu wangu ukiwa umezama kwenye mafuta. Ulitoka mlio mmoja mkavu, magurudumu ya mbele yakaacha kuvuta. Sababu niliijua: nilikuwa nimefunga tairi kubwa mno kwa jointi nyembamba kama zile. Kurudisha ekseli ileile ingekuwa kusubiri mlio wa pili, kwa hiyo nikaamua kuhamishia ya gari jingine.

Wiki chache baadaye ekseli za kuchagua zilikuwa mbili, zimelazwa sambamba kwenye sakafu ya fundi. Moja ni Dana 44, aina ya ekseli nzito, iliyotoka kwenye Ford F-150 ya 1979, nyingine ya Toyota Hilux ya zamani, kabla Hilux haijaanza kupewa mbele yenye springi huru, kila gurudumu peke yake. Moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwa ile ya Ford. Ilikuwa nene na nzito, na tena ina boliti tano za rimu kwenye duara la milimita 139.7, sawasawa na Samurai. Rimu zangu zingeingia bila taabu. Hilux ina duara lilelile lakini boliti sita, maana yake rimu mpya zote.

"Kijana, umehesabu boliti tu," yule fundi, mzee, akasema. "Njoo uone difu imekaa upande gani." Difu ni lile donge la gia kwenye ekseli linalopeleka nguvu kwa magurudumu.

Alinipa timazi na chaki. Nililala chini ya gari, nikateremsha uzi kutoka pale propela ya mbele, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, inapotokea kwenye transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, nikatia alama sakafuni. Chaki iliangukia kulia. Difu ya Hilux iko kulia. Ya Ford iko kushoto, na propela yake ingelazimika kukatiza chini ya injini hadi upande wa pili, jambo lisilowezekana bila kubadili transfa nzima. Tena ile F-150 ilikuwa ya springi za koili. Vikalio vyake vya springi vimesubiwa pamoja na chuma cha difu, wakati Samurai inakalia springi za mabapa. Na upana! Magurudumu yangetokeza nje ya bodi pande zote mbili. Nguvu niliyoipenda ilikuwa kubwa kuliko gari lenyewe.

Tukachukua Hilux. Uwiano wa gia, yaani propela huzunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, ulinifundisha jambo jingine: Samurai ilikuwa na 3.73, Hilux 4.10. Mbele na nyuma zikitofautiana, ukiweka gari livute kwa magurudumu yote manne, mapande hayo mawili yanapigana hadi kitu kivunjike. Basi ekseli ya nyuma ya Hilux nayo ikaja.

Kilichotuchukua siku nzima ni vikalio vya springi. Nilidhani vinachomelewa tu pale springi zinapofika. Mzee akanionyesha kwamba ukiizungusha ekseli ili pua ya difu iangalie juu kuelekea transfa, propela inanyooka, lakini pini ambazo magurudumu hugeukia nazo zinaacha kulalia nyuma. Gari lenye pini zilizosimama wima halirudishi usukani, linatangatanga barabarani. Nilitaka propela inyooke. Yeye akakataa katakata, na leo ninakubaliana naye kabisa: propela yenye pembe kidogo inavumilika, usukani usiorudi unaua. Tukapima pembe mara tatu, tukashika vikalio kwa nukta ndogo za moto, tukashusha gari likalie uzito wake, tukapima tena. Ndipo akachomelea, vipande vifupi vifupi, akiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili joto lisipinde bomba la ekseli.

Mabomba ya breki na fimbo ya usukani vilimalizika asubuhi iliyofuata.

Nilipolitoa nje alikaa kando yangu. Kwenye kona ya kwanza akaniambia nilegeze mikono. Nikalegeza. Usukani ukateleza polepole kati ya viganja vyangu, ukarudi katikati wenyewe. Mzee hakusema neno. Tuliporudi alichukua spana, akaingia chini, akaanza kukaza yubolti, zile boliti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, upya, moja baada ya nyingine, nami nikimshikia taa.