Shusha koromeo, ila usilikanyage

Jamani leo tuongelee koromeo, kile kidude kinachopanda na kushuka shingoni ukimeza mate. Weka kidole hapo umeze, umeona kilivyoruka juu? Sa piga mwayo, kinashuka. Hako kasafari kafupi kanabadilisha rangi ya sauti kuliko mazoezi mengi tunayojitesa nayo sisi waimbaji.

Iko hivi, nota yenyewe inatoka kwenye nyuzi za sauti zilizo ndani ya koromeo, lakini rangi yake inatengenezwa na bomba la juu yake, yaani kuanzia kwenye nyuzi mpaka midomoni, kwa mwanaume mtu mzima ni kama sentimita 17 hivi, kwahiyo koromeo likishuka bomba linarefuka na mwangwi wake unashuka, sauti inakuwa nene, ina kakiza fulani, ingawa nota ni ileile. Likipanda bomba linakuwa fupi, sauti inang'aa, ukizidisha inakuwa nyembamba kama imebanwa mlangoni.

Sasa mimi bana nilisikia "shusha koromeo" nikalishusha kweli, miezi nalikandamiza kwa shina la ulimi, kichwani najisikia besi la maana. Siku nimejirekodi na simu... nasikika kama mtu kajaza maji mdomoni, "a" na "o" huzitofautishi. Kumbe ulimi umeshikana na kale kamfupa kalikobeba koromeo, ukiusukuma nyuma koromeo linashuka sawa, ila koo nalo umeliziba palepale.

Kilichonisaidia ni kuvuta pumzi kimyakimya kama naanza mwayo, nisiumalize, afu naimba hapohapo huku kidole gumba kiko chini ya kidevu. Pakikaza ujue ulimi umeingilia.

Waimbaji wa opera ndo wanalitumia hasa. Koromeo linakaa chini, juu kidogo ya nyuzi panabaki pembamba, na nguvu ya sauti inajikusanya karibu na hezi 3000 (yaani mitetemo 3000 kwa sekunde), wakati okestra nguvu zake nyingi ziko huko hezi 500, ndo maana mtu mmoja anasikika bila maiki. Johan Sundberg, mtafiti wa sauti wa Sweden, aliielezea hii miaka ya 1970. Kwenye pop maiki ipo, likipanda kidogo sio dhambi kwa kweli, wanaosema lisisogee kabisa wanatia watu woga tu.

Langu bado linapanda nikifika nota za juu. Naliacha, ila nikiona na kidevu kimeanza kulifuata, nasimama naanza upya.