Damu ya mshona nguo

Shemeji yangu ni laborantini, yaani mpima damu, hapa Bukavu. Mwezi jana alinitoa damu, akaizungusha kwenye mashine, kisha akanionyesha kijibomba chembamba kama unyasi. "Yaya, tazama. Nyekundu imepita nusu." Chembe nyekundu zilikuwa asilimia 53 ya damu, kwa mwanaume mara nyingi huwa kati ya 40 na 50. Miinuko kama huku kwetu, mita 1,500 hivi, huzipandisha kidogo, lakini alinusa koti langu akacheka.

Sigara, kumbe! Moshi una kaboni monoksaidi, inayokalia kiti cha oksijeni ndani ya damu. Mwili unaona hewa haitoshi, unaongeza chembe, damu inakuwa nzito. Tena sigara hupandisha protini iitwayo faibrinojeni, inayofanya chembe zishikane na kupangana kama sarafu. Unene wa mwili na kisukari navyo huchangia damu kuwa nzito.

Kilichonishangaza ni chembe yenyewe. Upana wake ni kama mikromita 8 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na kuna mishipa iliyo myembamba kuliko hapo, kwa hiyo lazima ijikunje ipite. Kwa mwenye kisukari inakuwa ngumu, kama kitambaa kilichotiwa wanga mwingi, hakikunjiki. Moyo ndio unaolipa, unasukuma kwa nguvu zaidi.

Mimi nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi, maji siyagusi hadi jioni, na kukosa maji nako huifanya damu iwe nzito. Sasa chupa iko karibu na mkasi, na mtaani Kadutu napanda kwa miguu, nikihema. Sigara zimebaki mbili kwa siku. Shemeji bado ananinusa.