Nani mkubwa kwenye kava?

Kile kisa cha Roland Barthes na kinyozi ndo kimenikaa kichwani wiki hii yote. Huyu alikuwa Mfaransa, mtu wa kuchungulia vitu ambavyo wengine huvipita tu, na yuwasimulia kwamba alikuwa kwa kinyozi akapewa nakala ya Paris Match, toleo la 1955, kwenye kava kuna kijana mdogo mweusi kavaa sare za jeshi la Ufaransa, anapiga saluti, macho kayainua juu kama yuwatizama bendera. Basi, picha yenyewe ndo hiyo, mtoto na saluti yake. Lakini Barthes kwenye kitabu chake cha 1957 akasema hapa naambiwa maneno mengine kabisa, naambiwa Ufaransa ni dola kubwa, watoto wake wa kila rangi waitumikia kwa roho safi, na nyinyi mnaolalamikia ukoloni nyamazeni, si mwamuona huyu? Na hebu fikiria ni 1955, vita vya Algeria vishaanza tangu Novemba 1954, kwa hivyo hiyo saluti haikuwekwa hapo kupamba gazeti.

Mi nakipenda kisa hiki kwa sababu ya kinyozi, wallahi, maanake ingekuwa darasani nisingekijali sana. Kwa kinyozi wangu hapa Majengo, Mombasa, magazeti hayapo siku hizi, kuna ile posta ya vichwa vya vijana na staili za kunyoa, kila kichwa na namba yake, we waonyesha namba tu wanyolewa. Na ukikaa ukaitizama hata yenyewe ina maneno yake, kwa mfano mbona wote ni vijana, mbona hakuna hata mmoja mwenye mvi, na wazee ndo wateja wa asubuhi.

Sasa kwa wasionijua, kazi yangu ni dizaini na kuprinti, kiduka kidogo pale Mwembe Tayari, kadi za harusi, mabango ya mihadhara, stika za matatu, na ikifika kampeni ndo posta za wagombea mpaka unaota nyuso zao usiku. Na neno la kwanza la kila mteja, awe mheshimiwa awe bibi harusi, ni lilelile: nifanye mkubwa. Hakuna anayeanza na rangi wala na maandishi. Watu hawajasoma semiotiki, ile elimu ya kusoma alama na picha, popote lakini wajua vizuri sana kwamba kwenye picha mwenye kichwa kikubwa ndo mwenye habari.

Na wakubwa wa sinema wajua zaidi. Chukua ile filamu ya Steve McQueen ya 2013, 12 Years a Slave, hadithi ya Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa akauzwa utumwani, Chiwetel Ejiofor ndo yeye, filamu nzima iko juu ya mabega yake, na ndo hiyo iliyompa Lupita wetu Oscar yake 2014. Ilipofika Italia zikatoka posta ambazo uso uliojaa ni wa Brad Pitt, na Ejiofor kawekwa chini hapo kidogo yuwakimbia. Na Pitt kwenye filamu yenyewe haonekani ila mwishomwisho, dakika chache tu. Watu wakapiga kelele, posta zikaondolewa, radhi ikaombwa. Miaka miwili baadae ikawa hivyohivyo na Star Wars kule Uchina, John Boyega, kijana mweusi, kwenye posta ya kwetu sote yuko mkubwa, kwenye ya Wachina kapunguzwa, na Chewbacca kafutwa kabisa. Hakuna neno hata moja lililobadilishwa kwenye filamu. Aliyebadilishwa ni mwenyewe wa hadithi, na kabadilishwa kwa kuvuta kona ya picha na mausi, kazi ambayo mi naifanya kila siku kabla sijanywa chai.

(Kwa upande wa vichwa lakini sisi tulikuwa na haki, nasema ukweli. Zile kava za Bongo Muvi enzi za marehemu Kanumba, kabla hajatutoka 2012, vichwa vinaelea hewani vyote saizi moja, huyu analia, huyu kakasirika, chini yao gari na nyumba ya ghorofa. Tulikuwa tukizicheka. Siku hizi nikiziona nazitizama kwa heshima, hakuna aliyedhulumiwa pale.)

Sasa juzijuzi nikaletewa kesi yangu mwenyewe. Kaja kijana mmoja wa Kisauni, yeye na wenzake wamepiga filamu fupi, msichana anayeendesha tuktuk ya marehemu babake na ami zake waitaka wauze. Hadithi nzuri, nimeiona kwenye simu yake. Yataka posta. Nikamuuliza picha iko wapi akanitumia mbili, moja ya msichana ndani ya tuktuk, mikono kwenye usukani, na nyingine ya emsii mmoja wa harusi anayejulikana mitaa ile, kavaa suti, kakunja mikono. Huyu emsii ni ami mkubwa kwenye filamu, atokea sehemu mbili tu. "Kaka, huyu emsii muweke mbele mkubwa, msichana muweke huku nyuma." Nikamuuliza kwani filamu ni ya nani. Akanyamaza kidogo akasema ya msichana, lakini emsii ndo aliyetoa pesa za mafuta na chakula.

Haya basi, Brad Pitt kaja mpaka Kisauni.

Nikafanya zote mbili, ya kwake na ya kwangu, nikaprinti A4 nikazibandika kwenye kioo cha mlango nisiseme kitu. Mama anayeuza viazi karai mbele ya duka akaja akasimama mbele ya ile ya emsii akaniuliza, "Huyu agombea nini?" Kijana mwenyewe yupo hapo, akacheka mpaka akakaa chini. Maanake ni kweli, mwanamume wa suti, mikono kakunja, yuwakukazia macho, hiyo staili kwetu ni ya kura.

Na hayo macho pia yana habari yake. Kuna wataalamu wawili, Gunther Kress na Theo van Leeuwen, 1996 waliandika kitabu cha namna ya kusoma picha, na mojawapo ya mambo yao ni kwamba mtu wa pichani akikutizama machoni basi yuwakudai kitu, akudai huruma, akudai kura, akudai umuogope, lakini akitizama pembeni hakudai, kawekwa tu hapo umtizame wewe upendavyo. Tangu nisome hilo siwezi kupita kwenye kava nikatulia. Jarida la Parents la hapa kwetu, lile lililoanza 1986, mume na mke wanatabasamu wanakutizama, na mi nilikuwa najiuliza kwa nini nikiwatizama nahisi kama naulizwa nitaoa lini. Halafu ile kava ya National Geographic ya Juni 1985, msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, mkimbizi kambini Pakistani, aliyepigwa picha na Steve McCurry. Yule adai kuliko wote. Dunia nzima ilikaa na macho yake miaka 17 bila kujua jina lake, mpaka 2002 alipotafutwa ndo watu wakajua aitwa Sharbat Gula. Kwa hivyo kudai kwa macho ni kitu kimoja na kupewa unachodai ni kitu kingine, hapo mi na wale wataalamu ningependa tukae barazani tubishane.

Nikarudi kwa msichana wangu wa tuktuk. Kwenye picha hatutizami sisi, yuwatizama barabara, nikasema sawa, ana kazi yake. Shida ikawa ameelekea kushoto. Hawa kina Kress wasema upande wa kushoto ni wa kile kinachojulikana tayari, kulia ndo kwenye jambo jipya, kwa hivyo nikaona tuktuk ielekee kulia ionekane yaenda mbele, nikaigeuza picha. Namba plati ikasomeka kinyumenyume, na usukani wenyewe sikuujali lakini jina la marehemu babake lililoandikwa juu ya kioo likawa kama Kirusi. Nikaanza kulirudisha herufi moja moja. Niko katikati ya hiyo kazi akaingia ustadh wa duka la vitabu la jirani, katizama kompyuta akaniuliza mbona nimemrudisha nyumbani. Nikamwambia ustadh yuwaenda mbele huyu. Akasema hapana, alipokuwa kaelekea kushoto ndo alikuwa aenda, sasa arudi.

Na yuko sawa! Yeye mchana kutwa kichwa kiko kwenye mas-hafu na vitabu vya Kiarabu, jicho lake laanzia kulia. Kress na mwenziwe wenyewe waligusia kwamba kwa wanaoandika kutoka kulia mambo hugeuka. Lakini wao walikuwa wakifikiria watu wa huku na watu wa kule. Sisi Mombasa mtoto mmoja asubuhi yuko shule yuwasoma kutoka kushoto na jioni yuko chuoni, yaani madrasa, yuwasoma kutoka kulia, na mababu zetu Kiswahili chenyewe walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Sasa jicho la huyu mtoto laanzia wapi kwenye posta? Sijaona kitabu kinachomzungumzia. Nikairudisha picha kama ilivyopigwa, angalau namba plati ipate kusomeka.

Likabaki swala la maneno, na hapa sisi hatuhitaji kufundishwa na mtu, tuna kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na hilo jina ndo laamua kila kitu. Nenda Biashara Street utaona michoro ileile ya korosho, nyekundu na nyeusi ileile, pembeni chapa ya muuzaji, K.H.E. Mali ya Abdulla, moja imeandikwa "Nakutakia heri" wampelekea mamako mkwe, nyingine imeandikwa "Hasidi hana sababu" wajifunga ukipita mbele ya nyumba ya jirani, na jirani akiisoma siku hiyo hamsalimiani. Picha haikubadilika hata kidogo. Kava ya gazeti yafanya kazi hiyohiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa O. J. Simpson, yule nyota wa mpira wa Marekani aliyeshtakiwa kumuua mtalaka wake, Juni 1994. Yale magazeti mawili makubwa ya Marekani, Time na Newsweek, wiki moja, yakaweka picha moja, ile aliyopigwa na polisi alipokamatwa. Newsweek wakaiweka kama ilivyo. Time wakampa msanii akaikoleza, uso ukawa mweusi zaidi, kingo zikawa giza. Watu wakazikuta zimepangwa sambamba kwenye rafu na wakaona wenyewe, kelele zikawa nyingi sana. Lakini soma na maneno yake sasa. Newsweek wasiogusa picha waliandika habari ya nyayo za damu, na Time waliomkoleza waliandika msiba wa Kimarekani, neno la kuomboleza kabisa. Yaani huyu amhukumu kwa maandishi, huyu amhukumu kwa rangi huku mdomo wampa pole. Na watu walichokikumbuka ni rangi. Kwa hivyo hata kanga yangu ina mpaka wake, kuna picha ambayo jina haliwezi kuifunika.

Lupita naye 2017 alitokea kwenye kava ya Grazia ya Uingereza, na nywele zake za nyuma, za asili, zilizofungwa, zikafutwa ili kichwa kiwe laini. Hakunyamaza, akaweka picha ya asili na hiyo yao pamoja watu wajionee, na mpiga picha akaomba radhi. Mi nilivyoiona nilifikiria yule dizaina aliyekaa na brashi. Kufuta nywele si kazi ya sekunde moja, wafuta kidogokidogo, wavuta karibu, wasafisha ukingo, na muda wote huo watizama kichwa cha mtu.

Emsii tumeshapatana lakini, jina lake litakuwa juu kabisa kwa herufi nene na uso utakuwa mdogo nyuma ya tuktuk, kakubali bila ugomvi, mtu wa watu yule. Jana usiku tu ndo kanitumia sauti WhatsApp: "Mdogo wangu, nimeridhika, ila nitoe kidogo huu weusi, na meno uyang'arishe." Nimemjibu meno nitayang'arisha, rangi siigusi. Alama mbili za bluu zishatokea, jibu bado, na posta yatakiwa Ijumaa.