Laptopu ya kampasi na gemu kwa elfu arobaini: achaneni na stika ya i7

Mdogo wangu amepata kampasi Juja, kompyuta sayansi, mathe akatoa elfu arobaini na akasema hapo ndio mwisho, na kijana naye anataka laptopu moja ifanye yote, assignment mchana gemu usiku. Tangu nitume picha ya ile tulichukua, ThinkPad T480 ya Lenovo, kwa grupu ya familia watu wananiuliza mbona nimemchukulia i5 na kulikuwa na i7 (hizo ni daraja za prosesa za Intel, ubongo wa kompyuta) bei hiyo hiyo, ata rahisi kidogo. Wacha nijibu hapa mara moja, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Ile i7 nawaambia nilishikishwa. Duka moja ghorofani huko Moi Avenue, Nairobi, jamaa ameniwekea EliteBook 840 G3 kwa kaunta, stika inang'aa, ananiambia "boss hii ni i7, hiyo yako ni i5, mbona ujishushe?" Nikamwambia afungue Task Manager tuone prosesa yenyewe. i7-6600U. Sasa hapo ndio maneno yote iko, ju nambari ya kwanza baada ya kistari ndio kizazi (kuanzia cha kumi ni mbili za kwanza), hiyo ni ya sita, na hiyo i7 yote na kelele zake ina kori mbili, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi. i5-8250U ya kizazi cha nane ina kori nne. Hizi prosesa zinaishia na U, za laptopu za kubeba, Intel ilizikalisha na kori mbili miaka mingi, i5 mbili, i7 mbili, mpaka 2017 kizazi cha nane kikatoka ndio wakapanda nne. Kwa hivyo i5 ya nane inaipiga i7 ya sita vizuri tu, na muuzaji anajua, ama pengine hajui, yeye anauza stika.

Alafu kuna maneno ya Windows. Microsoft waliacha kuipa Windows 10 sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanza kizazi cha nane kuenda juu. Hizo za sita na saba utazipata dukani zimewekwa 11 kwa nguvu, inawaka, inafungua Word, lakini rasmi haitambuliki, na kama kijana ni wa Valorant, kwa Windows 11 ile gemu inataka TPM 2.0 na Secure Boot (vitu vya usalama ndani ya mashine) ziwe zimewashwa, la sivyo haifunguki. Mi naonaga kununua ya sita 2026 ni kununua shida ukijua.

Mtu ataniuliza kwa nini nisitafute gaming laptopu kabisa. Elfu arobaini? HP Victus, Acer Nitro, ASUS TUF, hizo zikiwa mpya hiyo pesa haifiki ata nusu. Na gaming ya zamani inauzwa bei hiyo siigusi, imechezewa mpaka feni inanguruma ukiwa umefungua PDF tu, betri ni ya kufika mlangoni, hinji zimelegea. Na zile mpya kwa boksi za bei hiyo, prosesa dhaifu ya Celeron, RAM (memori ya kufanyia kazi) 4 GB, stoo ya mafaili ya eMMC 64 GB iliyochomelewa kwa bodi, hizo ndio mbaya kuliko zote na ndio wazazi wanapenda kununua ju ni mpya. Tafadhali.

Basi inabaki ex-UK, zilizotumika Uingereza. Laptopu za ofisi, kampuni za huko zinazitumia miaka kadhaa zinazitoa, zinafika huku, unazipata zimepangwa Luthuli, Bihi Towers na hizo ghorofa zote za katikati ya tao. Poa ni kuwa plagi za Uingereza ndio zetu, miguu mitatu, kwa hivyo chaja yake orijino inaingia kwa ukuta bila adapta. Kibodi nayo itakuwa na alama ya pauni kwa 3, usishtuke, lakini enda kwa setingi uiweke ya Uingereza, ju ukiiacha ya Marekani ukibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu, na mtu anasomea kukodi ataumwa na kichwa wiki ya kwanza.

Sasa RAM, na hapa naomba mnisikize ju ndio kitu kilinifanya nichague ile nilichagua. Laptopu ya ofisi haina kadi ya grafiki yake, ile grafiki iko ndani ya prosesa na inakopa RAM ya kompyuta, yenyewe haina memori. Ukiwa na stiki moja ya RAM, prosesa na grafiki zinapitia njia moja. Ni kama basi ya mlango mmoja pale steji, wanaoshuka na wanaopanda wanasukumana hapo hapo. Ukiweka stiki mbili zinafanya kazi pamoja, njia inakuwa mara mbili, na gemu inasikia hiyo tofauti kuliko inavyosikia neno i7. Kwa hizi grafiki za ndani 8 na 8 ni tofauti kabisa na 16 kwa stiki moja, usikubali muuzaji akwambie "si ni 16 zote". Mnataka ushahidi? Kizazi cha kumi na moja, mfano i5-1135G7, ina grafiki inaitwa Iris Xe, na ukiichomeka stiki moja tu Windows yenyewe inaiandika Intel UHD, jina la Iris Xe linatokea ukiweka ya pili. Intel wenyewe wamesema hivyo, si mimi.

Kwa hivyo swali la kwanza dukani lisiwe RAM ni ngapi, liwe ina sloti ngapi. ThinkPad T480 ina mbili. T480s, hiyo nyembamba, RAM moja imechomelewa na sloti ni moja. X1 Carbon imechomelewa yote, ile unanunua nayo ndio utazeeka nayo. Dell Latitude 5420 ina mbili, ndugu yake 7420 imechomelewa. Ukifungua Task Manager, pande ya Performance, bonyeza Memory, imeandikwa sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi, huhitaji kubishana na mtu.

Tukachukua T480, i5-8350U, stoo ya SSD ya GB 256, ikiwa na RAM 8 GB stiki moja, na stiki ya pili ya 8 nikaipigania ndani ya bei palepale, ju saa hii RAM imepanda dunia nzima, viwanda vinakimbilia seva za AI, ukisema utaongeza baadaye utashangaa. Ikabaki kitu kidogo cha mausi na nauli. Ingekuwa kuna pesa nyingine kidogo ningeenda kwa hiyo Latitude 5420 ya kizazi cha kumi na moja bila kufikiria mara mbili, Iris Xe iko mbele sana kwa gemu. T480 nayo ina kitu napenda, betri mbili, moja ndani moja nje, ile ya nje unaitoa unaweka ingine laptopu ikiwa imewaka, na wenye wamekaa hosteli wanajua stima inapotea lini, yaani usiku wa kuamkia kusabmit.

Kuna njia ingine ya wajanja, workstation za zamani. HP ZBook 15 G5, Dell Precision 5530, ThinkPad P52, hizi zilikuwa za mainjinia, nyingi zina kadi ya grafiki ya Quadro P1000, na hiyo chipu ni familia moja na GTX 1050 ya gemu. Muuzaji anaziona za kuchorea, gemu haziwazi. Mara nyingi zinapita elfu arobaini na ni nzito, hiyo ZBook kuibeba kutoka geti mpaka leksha kila siku si mchezo, lakini kama unasomea usanifu ama uinjinia na utatumia AutoCAD, hizo ndio ningekwambia ujikaze utafute.

Vitu vya kuangalia kabla hujatuma M-Pesa. Ingia BIOS (ile menyu ya kabla Windows haijawaka) mbele yao, kama inadai paswadi rudisha kwa kaunta, ilikuwa ya kampuni na hawakuitoa. Ingine watu wengi hawajui, kuna laptopu zimesajiliwa na kampuni ya zamani kwa seva za Microsoft kupitia utambulisho wa mashine yenyewe, inafanya kazi vizuri mpaka siku utaweka Windows upya ukiwa na intaneti, inakuletea ukurasa wa kampuni fulani ya Manchester ikitaka imeli yako ya kazi. Waambie waweke Windows upya na iunganishwe kwa hotspoti yako ukiwa hapo. Watanuna. Wewe keti, kunywa maji. Betri nayo andika powercfg /batteryreport kwa Command Prompt, ile skrini nyeusi, itatoa faili yenye ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa, ukiona sasa iko chini ya nusu toa pesa kwa bei. Waranti iandikwe kwa risiti, ya mdomo haina maana.

Gemu sasa, ju kijana atasoma hii. Valorant inaenda, imetengenezwa ikiwa nyepesi. GTA V inaenda ukishusha setingi zote na picha iwe 720p, na ujue inakula zaidi ya GB 100, kwa SSD ya 256 hapo ni kuchagua. PES 2017 haina wasiwasi. Counter-Strike 2 usijidanganye, itafunguka lakini utakuwa unapigwa risasi na slaidi. EA Sports FC za juzi zinataka kadi ya kuanzia GTX 1050 Ti, hiyo wacha ibaki ya PlayStation za mtaani, Juja ziko kila kona. Na upande wa shule, Android Studio (ya kutengeneza programu za simu) na emuleta yake, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, ata 16 GB inazijaza, kwa hivyo chomeka simu yako na USB upimie programu hapo, emuleta usiiguse.