Kivuli cha Oktoba

Jumamosi, Oktoba 11

Dar es Salaam jua la mchana hutusimamia wima utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na siku hizi za Oktoba. Leo saa sita na dakika kama kumi nguzo ya umeme iliyo mbele ya duka ninaponunua vocha haikuwa na kivuli. Cha pikipiki ya bodaboda kilikuwa kimejikunja chini ya injini, kati ya matairi, na mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa akikitafuta cha kwake miguuni.

Watu wa kijiweni kalenda hii wanaijua kwa makalio. Juni jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha ukuta wa duka kinaangukia kusini. Desemba mambo yanageuka, na benchi linahamishwa bila mkutano wowote. Mwarobaini wa pale hakuna anayejua nani aliupanda, lakini kivuli chake kina wenyewe: asubuhi wauza magazeti, mchana mama ntilie na masufuria yake, jioni wacheza bao. Mgeni akikaa bila kuagiza kitu hatafukuzwa, atatazamwa tu mpaka anyanyuke.

Chini ya mwarobaini huohuo, Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa, nilishuhudia kitu ambacho hata leo nikikisimulia naonekana naongeza chumvi. Kule Rujewa, Mbeya, watu waliona pete kamili. Sisi huku jua lilimegwa tu, lakini kila upenyo kati ya majani ulichora kijua chake chini: vipande vyembamba kama kucha zilizokatwa, mamia, juu ya mchanga, juu ya masufuria, juu ya shati la mtu. Mama ntilie alifunika wali wake haraka. Sikumlaumu.

Babu yangu, Tanga, saa ya mkononi alikuwa nayo, ila hakuiamini. Alisimamisha kijiti uani. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, sala ya alasiri inaingia kivuli cha kitu kikifikia urefu wa kitu chenyewe, ukijumlisha na kile kidogo kilichokuwapo jua likiwa katikati. Hicho kidogo ndicho kilichotutesa sisi wajukuu tuliotumwa kupima kwa shubiri, maana kila mwezi kina urefu wake. Siku kama hizi tulishangilia: hakuna cha kujumlisha.

Vivuli vingine ni vya mdomoni tu. Utotoni nilipomsikia waziri kivuli redioni niliamini ni mtu anayelipwa kumfuata waziri nyuma popote aendapo, akiinama anapoinama. Nilitaka kazi hiyo.

Kinachotajwa zaidi kwetu ni kivuli cha mvumo, mti mrefu wa jamii ya mnazi; kivuli hicho huwafunika walio mbali. Mama methali hii ameitengea mtu mmoja, kaka yake. Mjomba alisomesha watoto wa marafiki zake wa kazini, wawili mpaka chuo, na dada yangu akakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada. Mjomba ameshafariki, na kila penye shughuli ya ukoo mama atatafuta upenyo wa kuupitisha mvumo wake. Mivumo yenyewe nimeiona njia ya Rufiji. Shina refu tupu, majani yote kileleni, na kivuli kimeanguka huko porini, hatua nyingi kutoka shinani. Aliyetunga methali alikuwa amesimama pale, jua linamchoma.

Ila leo adhuhuri, nikiitazama ile nguzo, niliwaza: kwa jua hili hata mvumo unamfunika aliyeuegemea. Nikampigia mama kumweleza, nikidhani nimemtetea marehemu.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Chache tu, mama."

"Basi hizo mjomba wako zilikuwa zinamkuta kalala."