Sawa, bosi

Julai 2011 umeme Dar es Salaam ulikuwa unakuja kama mgeni, tena mgeni wa usiku. Maji ya bwawa la umeme la Mtera yalikuwa yamepungua, mgao ukakaza. Bungeni bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikwama mwezi huohuo. Mimi bajeti yangu ilikwama kwenye jenereta la kiwanda cha mikate, lililokunywa dizeli kama ngamia aliyefika kisimani.

Nilikuwa na miaka 28, msimamizi wa uzalishaji kwa miezi mitano, na watu 22 chini yangu, karibu wote wakubwa kwangu kwa umri. Nikapiga hesabu. Umeme ukirudi usiku, na sisi tuoke usiku: zamu ianze saa saba usiku badala ya saa kumi na moja alfajiri. Kwenye karatasi, dizeli ilipungua kwa nusu.

Jumamosi jioni niliwakusanya uani, nikasimama juu ya paleti ya mifuko ya unga. Niliongea dakika kumi kuhusu gharama za uendeshaji na ushindani wa soko. Niliongea vizuri, mpaka leo nashikilia hapo. Nikauliza, "Kuna swali?" Mtu mmoja akakohoa. "Tumeelewana?" Wakajibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la pili: "Sawa, bosi." Nikabandika tangazo lenye mhuri ubaoni, nikaenda kulala.

Jumatatu, saa saba usiku, walikuja watu sita.

Umeme ulikuwepo. Mzee wa tanuri, ambaye wote tulimwita Babu, alikuwa ameshachanganya unga na hamira kwa kipimo cha kila siku, maana hakuna aliyemwambia apunguze. Hamira haimsubiri mtu. Sisi tunakata madonge na kuyapanga kwenye makopo, nyuma yetu unga unaumuka, unapanda, unamwagika kwenye kingo za mapipa. Kufika saa kumi ulikuwa unanuka uchachu. Tulitupa zaidi ya nusu, na magari ya kusambaza yalikuwa yanakaribia getini. Nikafoka. Maneno niliyoyasema siyaandiki.

Babu alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniuliza yule dada wa kufungasha anakaa wapi.

"Sijui."

"Na kijana wa kupaka makopo mafuta?"

Sikujua. Hakuongeza neno, akaendelea kukwangua pipa.

Dada wa kufungasha aliingia saa kumi na moja na ushee, muda wake wa siku zote. Kichwani nilikuwa nimeshamwandikia barua ya onyo. Lakini miguu ilikuwa imechoka, sijifanyi kwamba ilikuwa busara. Nikakaa kwenye kreti la mikate pembeni yake nikamuuliza mbona hakuja usiku.

Alifunga mikate kama minne hivi kabla ya kujibu. Anakaa Gongo la Mboto. Usiku wa tarehe 16 Februari, mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka, watu walikimbia kila upande, na mwanawe mdogo alimpata siku ya pili kwa watu asiowajua. Tangu hapo mtoto halali mama akitoka gizani. Na hata angelala, daladala gani ya kumfikisha kazini saa saba usiku?

"Sasa Jumamosi mbona hukusema?"

"Ulikuwa juu kule, bosi. Niseme mbele ya wanaume wote kwamba mwanangu anaogopa?"

"Lakini ulisema sawa."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni wa mji. "Sawa ni nimesikia."

Siku mbili zilizofuata nilihama na lile kreti, mtu mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikuwa mlinzi usiku mahali pengine, nami nilikuwa nikimkaripia kila siku kwa kusinzia. Wawili waliogopa vibaka wa njiani. Na walikuwepo watano walioitaka zamu ya usiku tangu mwanzo, ila hawakutaka kuonekana wanajipendekeza! Mwishowe ratiba waliipanga wao: tisa wanaokaa jirani waoke usiku kwa nyongeza kidogo, wengine waje alfajiri kufungasha na kupakia. Mwenye kiwanda alinung'unikia ile nyongeza. Dizeli ilipungua, ingawa haikufika nusu niliyomwahidi.

Septemba ilibidi tusogeze siku ya mshahara kutoka tarehe 28 hadi tarehe 2. Niliwaeleza nikiwa chini, karibu na tanuri, bila paleti. Nikamaliza, wakajibu: "Sawa, bosi."

Nikavuta kreti, nikakaa. "Sawa ipi?"

Kicheko. Halafu Babu akafuta unga mikononi na kusema kwamba mwenye nyumba wake hupita tarehe 30.