Kumi la mwisho

Nimerudi kutoka tarawehe, nyumba nzima imelala, mimi usingizi hauji. Naandika jambo ambalo aliyeniambia kanipa ruhusa niliandike, mradi nisimtaje jina wala mtaa wake.

Juzi alasiri, mwezi 22 Ramadhani, nilikuwa jikoni natayarisha futari. Mtoto wa dada yangu alikaa kwenye mbuzi ananikunia nazi ya muhogo. Kijana mpole, kamaliza chuo, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Bila kuinua kichwa akaniambia: "Mama mdogo, mimi siamini. Nafunga kwa ajili ya mama. Nikisimama kusali midomo inasoma, ndani hamna kitu. Huu mwaka wa tatu."

Nikamjibu, "Astaghfirullah! Nyamaza, watu watakusikia."

Watu. Tangu juzi neno hilo linanichoma. Mtoto kanifungulia kifua chake, nami wa kwanza kunijia akilini hakuwa Mwenyezi Mungu, wala hakuwa yeye. Walikuwa majirani.

Sisi Wazanzibari tunajisifu sana kwa kukaa vizuri na watu wa dini nyingine. Mgeni akija tunampeleka kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tunamwonesha Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki la Shangani, na hekalu la Wahindu la Hurumzi. Tunamweleza kuwa masultani walikuwa Maibadhi, raia wao wengi Masunni wa Kishafi, na Mashia Ithnaashari wana Muharram yao. Ni kweli, nami nimekulia ndani yake. Kwetu Kiponda jirani wa Kihindu alituletea laddu kila Diwali, na siku ya Idi mama alimpikia chake mbali, katika chungu kisichogusa nyama. Mama hakuingia skuli hata siku moja, lakini heshima ya chungu cha mwenzake aliijua.

Nakumbuka pia mwaka 2012, makanisa yalipochomwa moto. Novemba ya mwaka huohuo Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, akamwagiwa tindikali. Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi akapigwa risasi akiwasili kanisani. Skuli niliyokuwa nikisomesha tulikuwa na mwalimu mwenzetu Mkristo kutoka bara. Wiki nzima hakuonekana. Kwake ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na sikwenda. Sikuwa nimemfanyia ubaya wowote, nikaona yatosha. Haikutosha. Mwisho wa muhula akahama, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Na kila Ramadhani nawaona mafundi kutoka bara wakila kwa kujificha kwenye majengo, madirisha yamezibwa, jasho linawatoka, kwa kuwa polisi huwakamata wanaokula hadharani mchana. Saumu yangu inalindwa na nini hapo? Aliyenuia ni mimi. Fundi hakunuia.

Lakini hata huyo fundi ana pa kwenda. Mkristo ana kanisa lake, Mhindu ana hekalu lake, akifa tunajua nani atamzika. Tumewazoea kwa sababu wamezaliwa hivyo. Aliyezaliwa mikononi mwetu, tukamwadhinia sikioni, kisha imani ikamtoka, huyo hatuna hata jina la heshima la kumwita. Jina lililopo ni murtadi, na ukilitamka barazani watu hushusha sauti. Katiba ya Muungano, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na uhuru wa kuibadilisha, na hakuna askari atakayegonga mlango wake. Watakaogonga ni sisi. Nani atamwozesha? Mirathi yake itakuwaje mbele ya kadhi, ikiwa vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, vinasema murtadi hamrithi Muislamu? Dada yangu atajifungia chumbani, na mashangazi watatafuta mtu wa kumsomea, kana kwamba kapandwa na shetani.

Nilimuuliza kwa nini amenyamaza miaka yote hiyo. Akanionesha kwenye simu habari za Mubarak Bala, mtoto wa familia ya Kiislamu ya kaskazini mwa Nigeria. Alikamatwa mwaka 2020 kwa aliyoyaandika Facebook, mahakama ya Kano ikamhukumu miaka 24 mwaka 2022, na akatoka Januari 2025 baada ya rufaa kuipunguza mpaka mitano. Kabla ya hayo yote, mwaka 2014, jamaa zake walimpeleka wodi ya wagonjwa wa akili kwa sababu alisema haamini. "Hilo ndilo linalonitisha zaidi," kijana akaniambia. "Jela ni ya serikali, mama mdogo. Kule alipelekwa na watu wa nyumbani kwao."

Sikuwa na la kusema. Chuo cha Kurani nilisomeshwa hukumu ya murtadi kabla sijajua kufunga mtandio. Aya ya 99 ya Sura Yunus nimeihifadhi tangu mdogo, lakini maana yake nimekaa nayo jana tu: Mola anamuuliza Mtume wake, je, wewe utawalazimisha watu mpaka wawe waumini? Kazi ambayo Mtume hakupewa, mimi kanipa nani? Naiamini dini yangu, na nitamwombea mtoto huyu arudi mpaka nife. Dua hiyo ni baina yangu na Mola wangu. Kumtisha mtoto wa watu jikoni si dua.

Leo kaja tena, kavuta mbuzi kama kawaida. Nikamwambia: "Mwanangu, juzi nilikujibu vibaya, nisamehe. Siku ukichoka kujifanya, chai ipo jikoni kwangu, hata saa sita mchana. Mama yako simwambii. Utamwambia mwenyewe ukiwa tayari, na ukitaka nikae pembeni yako, nitakaa."

Alinyamaza kwa muda. Macho yalikuwa yamelowa.

"Nitafunga tu, mama mdogo," akasema. "Zimebaki tano au sita." Kisha akapasua nazi ya pili, maji yake akayakinga kwenye bakuli, akanipa niyahifadhi mpaka magharibi.